Ngozi ya Bure, Bili ya Maelfu: Kusoma Misimbo ya Vipandikizi vya Vidonda Marekani

Karatasi ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, huja kwa posta, na imeandikwa wazi kabisa kwamba hiyo si bili. Wengi huishia hapo. Huikunja na kuitia kwenye droo pamoja na risiti za umeme. Wanaoendelea kusoma ndio hunipigia simu, kwa kuwa wanajua kazi yangu ni kuandaa madai ya bima. "Mwanangu, hebu nisomee. Hii Q4186 ni nini? Na mbona wameandika 12? Mimi daktari kanibandika kitu mara moja tu, nikaenda zangu nyumbani."

Jibu ni refu kuliko mzee anavyotarajia. Hicho alichobandikwa kilianzia kwa mtu aliyekitoa bure, kikapita kiwandani, kikapewa msimbo, na ule msimbo ndio uliokipa bei. Nasema msimbo, maana "kodi" tumeshawaachia serikali na mwenye nyumba.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee ana miaka 71, kisukari amekaa nacho muda mrefu, na kwenye kisigino cha kulia ana kidonda chenye urefu wa sm 4 na upana wa sm 3. Kimechimba hadi mafuta ya chini ya ngozi yanaonekana. Nyumbani tungesema ana donda ndugu. Kwa wiki kadhaa daktari amefanya yale ya kawaida: amekwangua nyama iliyokufa, amefunga upya, amempa kiatu maalumu ili uzito usikae kisiginoni, amepima kama damu inafika vidoleni, amefuatilia sukari. Donda halifungi. Siku hiyo anachana pakiti, anatoa utando mweupe wa sm 4 kwa sm 4, mdogo kidogo kuliko uso wa kiberiti, anaukata ulingane na donda, anaulaza juu yake na kufunga bandeji. Mzee anavaa kiatu, anaondoka.

Kazi hiyo fupi huandikwa kwa misimbo ya koo tatu, na kila ukoo una mwenyewe. Ukijua kila mmoja unauliza nini, nusu ya fumbo imeisha.

Ukoo wa kwanza unauliza: kwa nini? Hiyo ni misimbo ya magonjwa, ICD, ambayo shina lake ni la Shirika la Afya Duniani na ambayo Marekani wanalitumia toleo lao la kumi tangu Oktoba 2015. Mzee wetu ataandikiwa E11.621, yaani kisukari cha aina ya pili chenye kidonda cha mguu, pamoja na L97.412. Huu wa pili unapendeza kuufungua kama muwa, pingili kwa pingili. L97 ni kidonda sugu cha mguu kisichotokana na kulalia upande mmoja. Ile 4 ni kisigino na katikati ya unyayo. Ile 1 ni kulia. Ile 2 ya mwisho inasema mafuta yameonekana. Mtu asiyewahi kumwona mzee, akiwa amekaa ofisini Texas au Ohio, ameshajua donda liko wapi na limechimba kiasi gani. Daktari akisahau kuandika "kulia" kwenye faili, dai linaweza kurudishwa kwa sababu ya neno hilo moja.

Ukoo wa pili unauliza: mmefanya nini? Hiyo ni CPT, mali ya Chama cha Madaktari cha Marekani tangu 1966. Naam, msimbo nao una mwenyewe na una ada. Anayeutumia kibiashara hulipia leseni. Kubandika kipandikizi cha aina hii kuna misimbo minane, 15271 hadi 15278, iliyoanza kutumika 2012. Kabla ya hapo kulikuwa na misimbo mingi ya zamani iliyotofautisha ngozi ya mtu na ya mnyama. Hii minane haijali ngozi imetoka kwa nani. Inajali mambo mawili tu: iko wapi mwilini, na eneo lake ni kubwa kiasi gani.

Kiwiliwili, mikono na miguu viko upande mmoja, 15271 hadi 15274. Uso, kichwa, shingo, masikio, sehemu za siri, viganja na nyayo, kule kunakohitaji ustadi zaidi, viko upande wa pili, 15275 hadi 15278. Hapa Kiswahili chetu kinatutega. Sisi "mguu" ni kuanzia paja hadi kidole, na "mkono" ni kuanzia bega hadi ukucha. Kwa mwandika madai, kuanzia paja hadi ugoko ni upande wa kwanza, na unyayo pamoja na kisigino ni upande wa pili. Nimewahi kumwona mgeni wa kazi hii, ndugu yetu kabisa, akiandika 15271 kwa donda la unyayo, kwa sababu kichwani mwake lilikuwa "la mguuni".

Kipimo nacho kina ngazi zake. Kidonda kikiwa chini ya sentimita 100 za mraba, zile 25 za mwanzo zina msimbo mmoja, na kila 25 zinazofuata, au hata sehemu yake, zina msimbo wa kuongezea. Donda la ugokoni lenye 60 litaandikwa 15271 mara moja na 15272 mara mbili. Likifika 100 na kuendelea, unahamia ngazi nyingine: 130 za ugokoni ni 15273 mara moja kwa zile 100 za kwanza, na 15274 mara moja kwa zile 30 zilizobaki. Vidonda viwili vya upande mmoja hujumlishwa kwanza, ndipo msimbo utafutwe. Mzee wetu ana 4 mara 3, yaani 12, kisiginoni. Kwake ni 15275, mara moja, basi. Kusafisha kidonda kwa kawaida kabla ya kubandika kumo humohumo, hakudaiwi kando. Na dawa ya kupaka, ya unga au ya povu haiingii humu hata ikiwa na asili ya ngozi. Lazima kiwe kipande kinachobandikwa na kushikizwa.

Ukoo wa tatu unauliza: mmeweka kitu gani? Hii ni HCPCS ya ngazi ya pili, misimbo ya serikali yenyewe, na humu ndimo ile Q ya mzee. Karibu kila bidhaa ina Q yake, na kwa kawaida huhesabiwa kwa sentimita ya mraba. Q4186 ni EpiFix, jina la utando aliobandikwa. Ile 12 ambayo mzee aliisoma kama mara kumi na mbili ni sentimita 12 za mraba za utando.

Sasa angalia: jeraha moja limepimwa mara mbili. Upande wa kazi umepimwa kidonda na kuandikwa 1. Upande wa bidhaa umepimwa utando na kuandikwa 12. Kwa mtu wa nje inaonekana kama wizi. Siyo. Ni vipimo viwili vya maswali mawili, na mahali hapa hasa ndipo simu nyingi ninazopokea huanzia.

Lakini pakiti ilikuwa na 16, na zilizotumika ni 12. Zile 4, kama stempu ndogo, zimeingia kwenye pipa la taka za hospitali. Kwa utaratibu uliotumika hadi mwisho wa 2025, mstari mwingine ungeandikwa: Q4186 ileile, yenye herufi JW mkiani, mara 4. JW maana yake kilichotupwa. Kama hakuna kilichotupwa, kuanzia Julai 2023 ilibidi kuandika JZ, ili mtu asinyamaze tu. Na kilichotupwa kililipwa. Tuseme bidhaa ilikuwa na bei ya dola 1,500 kwa sentimita ya mraba, bei ambayo kwa baadhi ya bidhaa haikuwa ajabu miaka hiyo. Utando uliokaa kisiginoni ni dola 18,000. Stempu iliyotupwa ni dola 6,000. Jumla 24,000, na mgao wa mgonjwa wa asilimia 20 ni dola 4,800, kama hana bima ya ziada ya kumshikia. Hiyo ni kwa ziara moja, na malipo ya kazi ya daktari hayamo. Donda la kisukari hubandikwa mara kadhaa.

Hapo mzee hunyamaza kidogo, kisha huuliza swali lenyewe: "Si wamesema ngozi hii watu wanatoa bure?"

Wanatoa bure kweli. Sheria ya taifa ya upandikizaji wa viungo ya 1984 inaitaja ngozi kwa jina lake, sambamba na figo, ini, moyo, konea na mfupa: ni kosa la jinai kuinunua au kuiuza ili ipandikizwe. Familia iliyokubali marehemu wao achunwe utabaka mwembamba wa ngozi, mara nyingi mgongoni na mapajani, hailipwi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na kuridhia kondo la nyuma lichukuliwe, naye halipwi. Ila sheria hiyohiyo inaruhusu malipo ya haki kwa ajili ya kazi: kuitoa, kuisafirisha, kuipima maambukizi, kuichakata, kuihifadhi. Ni kama maji ya mto. Mto haukudai kitu, lakini maji ya chupa yana bei. Ugomvi wote uko katika neno "haki": malipo ya haki ni kiasi gani?

Neno "ngozi" lenyewe nalo limenyooshwa mno. Ngozi halisi ya marehemu bado inaokoa watu walioungua vibaya. Hufunika mwili kwa muda, maana mwili hatimaye huikataa, mpaka mgonjwa apate kupandikizwa ngozi yake mwenyewe iliyochunwa pajani. Hiyo ya kwake mwenyewe haina Q hata moja, ina msimbo wa kazi tu, kwa mfano 15100. Katika vidonda sugu, hata hivyo, sehemu kubwa ya kinachoitwa kibadala cha ngozi ni utando wa ile chupa ya uzazi, ile inayopasuka mama anapotaka kujifungua, ukiwa umekaushwa na kukatwa vipande. EpiFix ni wa jamii hiyo. Utando kama huo ukichakatwa kidogo tu, na ukatumika kwa kazi ileile uliyokuwa ukiifanya mwilini, Marekani huuhesabu kuwa tishu na siyo dawa. Mtengenezaji anajisajili, anapima maambukizi, anaingia sokoni. Halazimiki kwanza kuonyesha kwa majaribio kwamba donda litapona. Njia ni fupi, na wengi wameipita. Misimbo ya Q kwa bidhaa hizi imezidi mia mbili.

Kila Q ilikuwa na bei yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa kawaida Medicare ililipa wastani wa bei ya mauzo ambayo kampuni huripoti kila robo mwaka, na kuongeza asilimia 6 juu yake. Bidhaa mpya isiyo na wastani ililipwa kwa kufuata bei ya orodha au ankara. Haya, fikiria kama mfanyabiashara wa Kariakoo. Unatoa bidhaa mpya, unaiwekea bei ya juu kwenye orodha, unamuuzia daktari kwa punguzo kubwa, naye analipwa kwa kufuata orodha. Tofauti inabaki kwake. Baada ya robo mwaka mbili tatu wastani halisi unaanza kuonekana na malipo yanashuka. Unafanyaje? Unatoa utando mwingine wenye jina jingine na Q nyingine, mchezo unaanza upya. Asilimia 6 juu ya kitu ghali ni nyingi kuliko asilimia 6 juu ya kitu rahisi, kwa hiyo hata asiye na hila alikuwa akisukumwa kuchagua cha ghali. Mimi sidhani tatizo lilikuwa utando. Nimeona faili za watu waliopona nao. Tatizo lilikuwa kumwachia muuzaji apange bei, kisha mlipaji aitikie amina.

Hospitalini mlango huo ulikuwa umeshafungwa. Kuanzia 2014 hadi mwisho wa 2025, kwa wagonjwa wa kutwa, bidhaa na kazi ya kubandika zililipwa kwa pamoja kama fungu moja. Zikatengwa za bei ya juu na za bei ya chini, hizo za chini zikitumia misimbo yake ya C5271 na kuendelea. Biashara ikahamia kliniki za binafsi, na zaidi ya hapo ikahamia majumbani na kwenye nyumba za wazee, kwa wauguzi na madaktari wanaozunguka na gari. Serikali yenyewe imetoa hesabu: matumizi ya Medicare kwa bidhaa hizi nje ya hospitali yalikuwa dola milioni 252 mwaka 2019, na mwaka 2024 yalizidi dola bilioni 10. Wagonjwa waliongezeka mara mbili tu. Baadhi ya bidhaa zilifika zaidi ya dola 2,000 kwa sentimita moja ya mraba.

Arizona kulitokea kesi ambayo kila mwandika madai anaijua. Mtu na mkewe walikiri mahakamani kushiriki katika madai ya uongo yaliyozidi dola bilioni 1.2. Utando wa chupa ya uzazi ulibandikwa kwa wazee, wengine wakiwa wanahudumiwa siku zao za mwisho, bila kuhitajika, na kwa vipande vikubwa kuliko vidonda vyenyewe. Ukikumbuka kwamba bili inahesabu sentimita, utaelewa kwa nini kipande kikubwa.

Kuanzia Januari 1, 2026, sehemu kubwa ya mchezo huo imekatwa mguu. Medicare sasa inazihesabu bidhaa nyingi za namna hii kuwa vifaa vya kazi, kama bandeji, na inalipa bei moja: takriban dola 127 kwa sentimita ya mraba, uwe utando wa bei mbaya au wa bei poa. Zimebaki nje zile chache zenye leseni kamili ya dawa za kibiolojia. Mrudie mzee wetu. Zile sentimita 12 zilizokuwa dola 18,000 sasa ni kama dola 1,524, na mgao wake kwa kitu hicho umeshuka kutoka 3,600 hadi kama 305. Misimbo ya Q haijafutwa. Bado inasema ni bidhaa gani. Kilichoondoka ni uwezo wake wa kupanga bei. Katika baadhi ya majimbo, Texas ikiwemo, umeanza pia mpango wa majaribio unaotaka kibali kabla ya kubandika, au faili ikaguliwe kabla ya malipo. Wenye bima za Medicare za makampuni binafsi walishazoea kuombewa kibali siku nyingi.

Kampuni zimelalamika kwamba bei hiyo itaziua bidhaa nzuri pamoja na mbaya, na hoja hiyo siyo ya kuipuuza: bidhaa iliyogharimu majaribio ya miaka inalipwa sawa na utando uliokaushwa jana. Hata hivyo nikipima kati ya hilo na dola 6,000 za stempu iliyotupwa, najua ninapoegemea.

Kwa hiyo ukishika karatasi ya mzazi wako, anza na tarehe. Je, siku hiyo mtu alikuja kweli? Ndugu zetu wengi kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wanafanya kazi ya kuwatunza wazee kwenye nyumba hizo, na wao ndio wanaofungua bandeji kila siku. Anayejua ukubwa wa donda kuliko wote ni yule anayeliosha. Kisha tafuta mstari wa Q na namba iliyo mbele yake. Chukua rula, au kumbuka vipimo alivyotaja daktari, zidisha urefu kwa upana. Donda la 12 likiwa na utando wa 14, hayo ni ya kawaida, kingo hufunikwa. Donda la 12 likiwa na utando wa 96, piga simu ofisi ya daktari uulize kwa upole, na usiporidhika piga 1-800-MEDICARE. Angalia pia kama upande ulioandikwa ni wenyewe. Nimeshaona kisigino cha kushoto kikitibiwa kwenye karatasi wakati cha kulia ndicho kilichofungwa bandeji. Mara nyingi ni kidole kilichoteleza kwenye kompyuta.

Q ina matumizi mengine ambayo ofisini hawayafikirii, lakini kwetu ni makubwa: inakwambia kile kitu kimetoka kwa nani. Q4121 ni ngozi ya binadamu aliyefariki. Q4101, Apligraf, imeoteshwa maabara kutokana na chembe za govi za watoto wachanga waliotahiriwa, ikashikizwa kwa kolajeni ya ng'ombe. Q4110 ni ngozi ya kijusi cha ng'ombe. Q4102 ni utando wa utumbo wa nguruwe. Kwa mzee Mwislamu, au Msabato wa kweli, hilo ni jambo la kuulizwa kabla pakiti haijachanwa, na daktari hawezi kujua kama hujasema. Muulize namba, ataisoma kwenye pakiti.

Mama mmoja wa Mombasa anayeishi na mwanawe huko Marekani alinipigia kwa ajili hiyo hasa, sauti imejaa wasiwasi, akanisomea namba tarakimu baada ya tarakimu: Q, nne, moja, tano, nane. Nikamwambia hiyo ni ngozi ya samaki wa baharini aitwaye cod, kutoka Iceland.

"Samaki?" Akanyamaza. "Wamemtoa magamba lakini?"